Lita 12, kilo 11: namna ya kubadili mafuta ya kupikia kutoka ujazo kwenda uzito

Mwaka wa kwanza nilipoanza kuuza mafuta ya alizeti hapa Dodoma, shule moja ya bweni iliniagiza kilo 100. Nikapakia madumu matano ya lita 20 kwenye guta, nikaenda nalo mwenyewe mpaka mlango wa stoo. Mtunza stoo, mzee wa makamo, akayapandisha kwenye mizani moja baada ya jingine, akatoa uzito wa madumu matupu, akapiga hesabu yake taratibu kwa kalamu.

"Mama, hapa ziko kilo 91 na gramu mia nne. Kilo nane na ushee ziko wapi?"

"Baba, hizo ni lita 100 kamili. Sijapunguza hata kijiko."

"Mimi karatasi yangu imeandikwa kilo."

Nilisimama pale nikiwa na aibu ya kuonekana mwizi, na sikuwa na jibu. Mafuta yalikuwa kamili kwa lita, na mzee alikuwa sahihi kwa kilo. Nilirudi mjini kuleta nyongeza, na jioni ile nikakaa na mizani ya jikoni, chupa na daftari mpaka nikaelewa. Yote niliyojifunza tangu siku hiyo nayaweka hapa kwa mpangilio ule ule ninaomwelekeza kijana wangu wa dukani. Yanamfaa mama lishe, mwenye duka, mtengeneza sabuni na yeyote anayepika kwa kufuata vipimo.

Kwanza, kwa nini lita ya mafuta haifiki kilo

Tumezoea kusema lita moja ni kilo moja kwa sababu tulifundishwa hivyo kuhusu maji, na kwa maji ni karibu kweli. Vipimo hivi viwili vilizaliwa pamoja. Kuanzia mwaka 1901 hadi 1964 lita yenyewe ilikuwa ikielezwa rasmi kuwa ni nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji safi. Mafuta hayakuwamo katika mapatano hayo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi, na ndiyo maana ukijaza chupa ile ile mara moja kwa maji na mara moja kwa mafuta, ya mafuta itakuwa nyepesi mkononi.

Wepesi huo una namba. Mafuta mengi ya mimea, yakiwa kwenye joto la kawaida la huku kwetu, yana uzito wa gramu 905 hadi 920 kwa kila lita. Wataalamu huiita namba hiyo densiti. Mimi dukani naiita namba ya mafuta, na hapa nitaiita hivyo.

Hatua ya 1: Jua umeambiwa lita au kilo

Inaonekana ni jambo dogo, lakini makosa mengi huanzia hapa. Soma lebo. Ukiona L au ml, hicho ni ujazo, yaani nafasi. Ukiona kg au g, huo ni uzito. Chupa nyingine zina vyote viwili, na hizo ndizo zinazokurahisishia kazi.

Mafuta ya kupima ndiyo yenye mtego. Muuzaji akisema "dumu la ishirini", muulize: ishirini za nini? Sokoni kuna watu wanaosema "kilo" wakimaanisha lita bila nia mbaya yoyote, ni mazoea ya ulimi tu. Neno "galoni" nalo liangalie sana. Huku kwetu mtu akisema galoni ya mafuta anamaanisha kidumu cha lita 5. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, na ya Marekani ni lita 3.785. Ukichukua resipe ya mtu wa Marekani yenye galoni ukaweka kidumu kizima, umezidisha zaidi ya lita nzima.

Hatua ya 2: Chagua namba ya mafuta yako

Kwa joto la nyuzi 25 hadi 30, ambalo ndilo la maduka na majiko mengi ya Tanzania, namba ninazotumia ni hizi:

Alizeti, pamba, mahindi, soya na ufuta: 0.915
Karanga na mizeituni: 0.91
Mawese yaliyosafishwa, yale meupe ya maji: 0.91
Mawese mekundu ya Kigoma, yakiwa yameyeyuka: 0.91 au pungufu kidogo
Nazi, yakiwa yameyeyuka: 0.915
Samli iliyoyeyushwa: 0.91

Utaona zinakaribiana sana. Kwenye dumu la lita 20, tofauti ya 0.91 na 0.915 ni gramu 100 tu. Kwa hiyo usipojua ni mafuta ya aina gani, tumia 0.915 na usijisumbue. Kosa la kuchagua mafuta yasiyo yenyewe ni dogo mno ukililinganisha na kosa la kudhani lita ni kilo.

Vitabu vingi huandika 0.92 kwa alizeti, na viko sahihi, maana hupima kwenye nyuzi 20. Ukiwa Makete au Njombe asubuhi ya Julai, namba hiyo ya vitabu inakufaa kuliko yangu ya Dodoma.

Hatua ya 3: Zidisha au gawanya

Kutoka lita kwenda kilo, zidisha kwa namba ya mafuta. Kutoka kilo kwenda lita, gawanya kwa namba hiyo hiyo.

Lita 20 za alizeti: 20 × 0.915 = kilo 18.3.
Kilo 20 za alizeti: 20 ÷ 0.915 = lita 21.86.

Jipime hivi kabla ya kuandika jibu: kwa mafuta, idadi ya kilo lazima iwe ndogo kuliko idadi ya lita. Ikitokea kinyume, umezidisha pale ulipotakiwa kugawanya.

Dukani, mteja akiwa amesimama mbele yako na simu haina chaji, ipo njia ya kichwa. Lita 12 za mafuta ni kilo 11. Hiyo tu. Kwa hiyo ukitaka kilo, gawa lita kwa 12, kisha toa jibu hilo kwenye lita ulizoanza nazo. Lita 60: gawa kwa 12 unapata 5, toa, zinabaki kilo 55. Kwa 0.915 ungepata 54.9, karibu kabisa. Ukitaka kurudi kutoka kilo kwenda lita, gawa kwa 11, kisha jumlisha. Kilo 55: gawa kwa 11 unapata 5, jumlisha, ni lita 60. Angalia usichanganye: kwenda ni kumi na mbili, kurudi ni kumi na moja. Mtu akitoa asilimia 8 wakati wa kwenda, halafu akaongeza asilimia 8 ile ile wakati wa kurudi, hafiki alikotoka. Lita 100 zinakuwa kilo 92, na hizo 92 ukiziongezea asilimia 8 zinaishia 99.36. Kwenye pipa la lita 200 amepoteza zaidi ya lita moja kwenye karatasi, na atamlaumu dereva.

Kwa wasiotaka hesabu kabisa, haya ndiyo niliyobandika ukutani, kwa alizeti:

Kijiko cha chai (ml 5): gramu 4.6
Kijiko cha chakula (ml 15): gramu 13.7
Robo lita: gramu 229
Nusu lita, yaani chupa ya bia: gramu 458
Lita 1: gramu 915
Lita 3: kilo 2.75
Lita 5: kilo 4.58
Lita 10: kilo 9.15
Lita 20: kilo 18.3
Pipa la lita 200: kilo 183

Hatua ya 4: Pima namba ya mafuta yako mwenyewe

Hapa naomba utulie, kwa sababu hatua hii ndiyo itakayokuondoa kwenye kutegemea namba za watu. Unahitaji chupa moja safi ya plastiki ya lita 1 yenye shingo nyembamba, mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kipande cha utepe na maji.

Mizani iweke juu ya meza ngumu iliyolala sawa. Isikae juu ya kitambaa kinene. Betri ikiwa imechoka, namba hucheza, basi ibadilishe kabla hujaanza. Kama una mashaka na mizani yenyewe, muombe jirani mwenye duka jiwe lake la kilo lililokaguliwa na Wakala wa Vipimo, uliweke juu uone inasoma nini.

Pima chupa tupu, kavu, pamoja na kifuniko. Yangu ilikuwa gramu 28. Bandika utepe kwenye shingo, ukingo wa juu wa utepe uwe ndiyo alama yako. Jaza maji mpaka kwenye alama, inamisha macho yawe usawa mmoja na maji, ongeza tone kwa tone mwishoni. Nilipoipima ilisoma gramu 1,034. Toa 28, maji yana gramu 1,006. Kumbe chupa iliyoandikwa lita moja ilikuwa inaingiza zaidi kidogo pale kwenye alama yangu, na haidhuru, kwa sababu tunalinganisha tu.

Mwaga maji, kausha chupa vizuri. Mimi naiacha kichwa chini usiku mzima. Tia mafuta mpaka alama ile ile, subiri mapovu yapande na kupasuka, kisha ongeza mpaka yafike. Nilipata gramu 950. Toa 28, mafuta yana gramu 922.

Sasa gawanya mafuta kwa maji: 922 ÷ 1,006 = 0.9165.

Kuna marekebisho madogo mtu makini atayataka. Maji yenyewe kwenye nyuzi 27 hayafiki gramu 1,000 kwa lita, yanapata kama 996 na nusu. Kwa hiyo zidisha jibu lako kwa 0.9965, utapata 0.913. Hiyo ndiyo namba ya kweli ya mafuta yangu ya siku ile, gramu 913 kwa lita. Kwa matumizi ya jikoni marekebisho hayo yaache. Kwa anayenunua pipa, yafanye.

Kwa nini nasisitiza shingo nyembamba? Ukikosea milimita moja kwenye shingo ya chupa, umekosea chini ya nusu mililita. Ukikosea milimita hiyo hiyo kwenye sufuria yenye upana wa sentimita 24, umekosea zaidi ya gramu 40. Kosa la jicho ni lile lile, chombo ndicho kinacholikuza.

Ukipata namba iliyozidi 0.93, kuna kitu. Ama mafuta yana mashapo au maji, ama hukujaza mpaka alama ile ile. Mafuta yaliyotoka mashineni leo bila kuchujwa huwa hivyo, mazito na yenye ukungu. Yaache yatulie siku mbili tatu, chuja, upime tena. Ukipata chini ya 0.90 na mafuta hayakuwa ya moto, yawezekana bado yalikuwa na mapovu. Lakini kipimo hiki kisikupe ujasiri kisichostahili kuutoa: hakiwezi kukuambia kama alizeti yako imechanganywa na mawese. Namba za mafuta hayo mawili zimekaribiana mno, na mizani ya jikoni haiwezi kuzitofautisha.

Joto, ambalo wengi hulisahau

Mafuta yakipata joto yanatanuka. Uzito unabaki ule ule, nafasi inaongezeka. Kwa kila nyuzi 10 za joto, lita moja ya mafuta inapungua uzito kwa gramu 6 hadi 7. Dumu lililojazwa lita 20 saa nane mchana kwenye nyuzi 33 lina mafuta pungufu kuliko dumu lililojazwa lita 20 alfajiri kwenye nyuzi 15, na tofauti ni kama robo kilo. Kwa mnunuzi wa dumu moja si kitu. Kwa anayeshusha lita 5,000 ni kilo 60.

Wahindi walikutana na jambo hili kwa uchungu. Kule pakiti za mafuta ya kula huandikwa ujazo na uzito, na baadhi ya wafungashaji walikuwa wakiandika kwamba lita yao imepimwa kwenye nyuzi 60. Agosti 2022 serikali ya India ikawataka waandike ujazo bila kutaja joto, na uzito ulio sahihi. Mfano uliotolewa ulikuwa wa mafuta ya soya: kifurushi cha lita moja kwenye nyuzi 21 kinapaswa kuwa gramu 919.1, na kwenye nyuzi 60 gramu 892.6. Gramu 26 na nusu kwa kila lita zinapotea kwa kuandika joto tu kwenye lebo.

Ndiyo maana nashauri: ukinunua kwa wingi, nunua kwa kilo. Kilo haijali jua wala baridi. Uza kwa lita ukitaka, maana mteja wa robo anaelewa lita, lakini mzigo mkubwa upite kwenye mizani.

Jikoni joto lina hatari yake. Mafuta ya kukaangia maandazi hufika nyuzi 180 hivi, na hapo yametanuka kwa zaidi ya asilimia 10. Lita 3 ulizomimina zikiwa baridi zinachukua nafasi ya lita 3 na theluthi kwenye karai, na bado hujatumbukiza andazi hata moja. Karai lisizidi nusu. Nimeshaona mafuta yakimwagikia mkaa, na sitaki mtu mwingine aone.

Dumu la lita 20 lina lita ngapi?

Swali hili linagombanisha watu kila wiki. Madumu mengi ya lita 20 yakijazwa mpaka mdomoni huingiza zaidi ya hapo. Lililobonyea huingiza pungufu. Usibishane, pima kwa maji.

Pima dumu tupu. La kwangu ni gramu 960. Lijaze maji mpaka pale ambapo mafuta hufika, upime tena. Nilipata kilo 21.9. Toa 0.96, maji ni kilo 20.94, na kwa maji kilo ni sawa na lita, basi dumu langu mpaka shingoni linachukua karibu lita 21. Mafuta ya kujaza hapo yana kilo 21 × 0.915, yaani 19.2. Kwa hiyo mtu anayekuambia dumu lake lina "kilo 19" hakudanganyi, amejaza mpaka shingoni. Na anayekuambia dumu lake lina kilo 20 za mafuta, pima mbele yake, kwa upole.

Baada ya kipimo cha maji, likaushe dumu mpaka liwe kavu kabisa ndani. Maji yanayobaki huharibu mafuta upesi, na yakifika kwenye karai la moto hulipuka na kurusha mafuta.

Jambo jingine: kila unapopima mafuta yakiwa ndani ya dumu, toa uzito wa dumu. Gramu 960 mara madumu 40 ni kilo 38 za plastiki ambazo hutaki kuzilipia bei ya alizeti. Kwenye mizani ya dijitali weka chombo kitupu kwanza, bonyeza kitufe kilichoandikwa TARE au ZERO, kisha mimina. Kwenye mizani ya saa, andika uzito wa dumu tupu kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa dumu lenyewe.

Kulinganisha bei

Tuseme muuzaji wa kwanza anauza shilingi 5,000 kwa kilo, wa pili shilingi 4,700 kwa lita. Macho yanakimbilia 4,700. Badili kwanza. Bei ya kilo zidisha kwa 0.915: 5,000 × 0.915 = shilingi 4,575 kwa lita. Wa kwanza ndiye mwenye bei nafuu, kwa shilingi 125 kila lita. Kwa dumu moja ni shilingi 2,500, na kwa madumu 20 ni shilingi 50,000.

Kuna watu hugeuza hesabu hii vibaya kwa sababu bei inakwenda njia moja na akili inataka kwenda nyingine. Kumbuka tu kwamba lita ina mafuta pungufu kuliko kilo, kwa hiyo bei ya lita lazima iwe ndogo kuliko bei ya kilo ya mafuta hayo hayo.

Jikoni kwa anayefuata resipe

Resipe za keki na mikate siku hizi huandikwa kwa gramu, na nyingine kwa vikombe. Kikombe cha kupimia cha ml 250 ni gramu 229 za mafuta. Cha Marekani ni kama ml 237, sawa na gramu 217. Kikombe chako cha chai cha nyumbani ni chochote kile, kipime kwa maji ujue. Vijiko vya mezani navyo vinatofautiana sana, na kile kikubwa cha pilau hakihusiki na ml 15 hata kidogo.

Njia rahisi kuliko zote ni kuweka bakuli juu ya mizani, kurudisha sifuri, na kumimina mafuta mpaka gramu unazotaka. Huoshi kikombe chenye mafuta, na hakuna mafuta yanayong'ang'ania ukutani mwa kikombe na kukupunguzia kipimo.

Mafuta ya mgando na samli usiyapime kwa kikombe yakiwa magumu, maana kati ya vipande kuna hewa. Pima kwa gramu. Gramu 500 za mgando zikiyeyuka zinakuwa kama ml 550, na ukitaka kuziweka mahali pa mafuta ya maji, linganisha gramu kwa gramu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo mtu wa Tanga na mtu wa Mbeya wakinunua chupa ile ile, mmoja anamimina na mwingine anachota kwa kijiko. Mizani inawatendea wote sawa.

Watu wanaoangalia lishe huniuliza pia kwa nini lebo inasema mafuta gramu 92 katika ml 100, kwamba hizo gramu 8 zilizobaki ni nini. Hakuna kilichochanganywa. Mililita 100 za mafuta zina uzito wa gramu 92 tu, na zote ni mafuta. Lebo nyingine ya mafuta yale yale ikiandikwa kwa gramu 100 itasema gramu 100. Kalori nazo zinafuata: karibu 830 kwa ml 100, na 900 kwa gramu 100.

Kwa mtengeneza sabuni

Hapa sina mzaha hata kidogo. Kostiki soda hupimwa kwa uzito wa mafuta. Lita haziingii kwenye hesabu hiyo. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki hiyo (sodiamu haidroksaidi) kugeuka sabuni yote, mawese gramu 142 hivi, alizeti gramu 135 hivi. Wengi hupunguza kostiki kwa asilimia 5 ili sabuni ibaki na mafuta kidogo na isikaushe ngozi.

Sasa chukua mtu mwenye lita 10 za mafuta ya nazi anayedhani ana kilo 10. Anatia gramu 1,830 za kostiki. Kweli ana kilo 9.15, ambazo zinahitaji gramu 1,674. Amezidisha gramu 156, zaidi ya asilimia 9. Hata kama alipunguza zile asilimia 5 za usalama, bado kostiki imebaki huru ndani ya kipande. Sabuni hiyo itauma mikono ya mfuaji na kuchubua ngozi ya mtoto. Kikundi cha akina mama ninachokiuzia mafuta kilipata tatizo hilo hilo kwa miezi, wakilaumu kostiki kuwa ni kali, mpaka tulipoweka ndoo yao juu ya mizani.

Kuandika kwenye stakabadhi

Siku hizi siandiki kipimo kimoja. Oda ya kilo 100 naandika hivi: "Alizeti, kilo 100, sawa na lita 109.5 kwa 0.913, madumu 5 na lita 9.5." Yule mtunza stoo alipoiona mara ya kwanza aliisoma mara mbili, akapima, akasaini, na hakuuliza tena. Mpokeaji akitaka kuhakiki kwa dumu anahakiki kwa dumu, akitaka mizani anayo namba ya mizani.

Na dumu likiisha, usilitupe pembeni haraka. Mafuta hubaki yamegandamana ukutani kote ndani. Lifunge mfuniko, liweke juani saa mbili, kisha lipindue juu ya faneli na chupa mpaka asubuhi. Nilipima madumu yangu kabla na baada ya kufanya hivyo, na kila moja lilitoa kama gramu 120, ambazo ni mililita 131, nusu kikombe cha mafuta safi.